Mchezo wa Zamu

Anayeketi kutazama hoki ya barafuni kwa mara ya kwanza hulalamikia jambo moja: kitu chenyewe kinachogombewa hakionekani. Ana haki. Kisahani cheusi cha mpira mgumu, chenye upana wa sentimita 7.6 na unene wa sentimita 2.5, hugandishwa kabla ya mechi ili kisidundedunde, na mpigaji hodari huweza kukirusha kwa mwendo unaozidi kilomita 160 kwa saa. Jicho lililolelewa na kandanda limezoea mpira unaopaa, unaompa mtu nafasi ya kuvuta pumzi. Hapa linapotea njia. Taa nyekundu inawaka nyuma ya goli, wachezaji wanakumbatiana, na mgeni amebaki akiuliza bao limeingia saa ngapi.

Mwaka 1996 televisheni ya Fox ya Marekani ilidhani imepata dawa. Mafundi walipasua visahani, wakapachika vifaa vya elektroniki ndani yake, na kwenye skrini kisahani kikaonekana kimezungukwa na mng'ao wa buluu. Kikipigwa kwa nguvu, kiliacha mkia mwekundu. Wageni walishukuru. Mashabiki wa siku zote walikasirika, wakapiga kelele msimu baada ya msimu, na mwaka 1998 mng'ao ule ukawa umezimwa. Mpaka leo watu wa hoki hukitaja kisa hicho kwa kicheko. Mimi hujiuliza walikasirikia nini hasa. Macho yao hayakuwa makali kuliko ya wengine. Walikuwa wameacha zamani kukitafuta kisahani. Walikuwa wakitazama kitu kingine, na ule mng'ao uliwaziba.

Walikuwa wakitazama zamu.

Barafuni kila timu ina watu sita: kipa, mabeki wawili na washambuliaji watatu. Nyuma ya ukuta mfupi, kwenye benchi, wamekaa wenzao. Katika ligi kuu ya Amerika Kaskazini, NHL, timu kwa kawaida huvalisha washambuliaji 12 na mabeki 6 kwa mechi, pamoja na kipa wa akiba. Safu ya washambuliaji watatu huingia, hucheza kwa nguvu zake zote kwa sekunde 40 au 50, kisha hutoka ikihema, na safu nyingine inashika nafasi. Dakika 60 za mechi, yaani vipindi vitatu vya dakika 20, zimekatwakatwa hivyo kutoka mwanzo hadi mwisho. Mshambuliaji bora kuliko wote duniani hucheza dakika 20 au 22. Zilizobaki amekaa, anakunywa maji, anatazama mechi kama sisi.

Kwa mtu aliyekulia kwenye ubishi wa Simba na Yanga, hili ni jambo la kushangaza. Kwetu nyota hucheza dakika 90, na kocha akithubutu kumtoa dakika ya 60 jukwaa zima linageuka kuwa benchi la ufundi. Kwenye barafu nyota hutolewa kila baada ya dakika moja, na hanuni. Hawezi kununa, kwa sababu miguu yenyewe ndiyo iliyoomba kutoka. Kukimbia kwa kasi kamili juu ya makali ya chuma, ukisukumwa na kugongwa, hula nguvu upesi. Ukipita dakika moja mapaja yanawaka, magoti yanakataa kukunjwa, na mchezaji aliyekuwa tishio sasa ni mzigo kwa wenzake.

Ajabu zaidi, mabadiliko haya hufanyika huku mchezo ukiendelea. Refa hapulizi filimbi. Aliyechoka anateleza kuelekea kwenye benchi, na mwenzake anaruka ukuta kabla yule hajaketi, kama konda anayedandia daladala iliyokwisha kuondoka kituoni. Wakipishana vibaya, wakaonekana wamezidi barafuni, timu inaadhibiwa kwa kupungukiwa mtu dakika mbili. Wakichelewa, wapinzani wanakuta nusu ya uwanja haina mlinzi. Mabao mengi ambayo mgeni huyaona kama ajali yalianza hapo, sekunde kumi kabla ya shuti, pale mtu mmoja alipochagua wakati mbaya wa kwenda kupumzika.

Ukishaelewa hivyo, kipindi cha pili huwa na ladha yake. Timu hubadilishana magoli lakini mabenchi hubaki palepale. Katika kipindi cha kwanza na cha tatu, beki aliyechoka yuko karibu na benchi lake. Katika cha pili, benchi liko mbali, upande wa goli analolishambulia. Wapinzani wakiwabana kule nyuma, mabeki wawili waliokwisha choka hawana njia ya kutoka. Wanazunguka mbele ya kipa wao, wanainamia magongo, wanajaribu kukiokota kisahani wakitupe mbali, nacho kinarudi. Saa ya zamu yao inasoma dakika moja, dakika moja na nusu. Wale wanaowabana wamekwisha kubadilishana mara moja, wana miguu mipya. Kuanzia msimu wa 2005 sheria imekaza kamba zaidi: timu ikikipiga kisahani kutoka nusu yake kikavuka mstari wa goli la upande wa pili bila kuguswa na mtu, mchezo unarudishwa kwake na hairuhusiwi kubadilisha wachezaji. Walichoka, wakatafuta njia ya mkato, sasa wataendelea na uchovu wao mbele ya watu elfu kumi na nane. Sijui mchezo mwingine wa timu unaouweka uchovu wa binadamu hadharani namna hii na kuufanya kuwa sehemu ya hadithi.

Jioni ya Toronto au Boston ni saa tisa usiku Dar es Salaam wakati wa baridi yao. Ninayaandika haya kama mtu anayeifuata hoki saa hizo, simu ikiwa imepunguzwa sauti ili watu wa nyumbani walale, na ninakiri kwamba usingizi unaopotea unahitaji kutetewa. Utetezi wangu ni bao moja.

Tarehe 28 Februari 2010, Vancouver, fainali ya Olimpiki, Kanada na Marekani. Kanada waliongoza 2-0, kisha 2-1, na taifa zima lilikuwa limeanza kusherehekea. Zikiwa zimebaki kama sekunde 24, Zach Parise akasawazisha. Bao hilo lilipatikana goli la Marekani likiwa tupu: kocha alikuwa amemwita kipa wake, Ryan Miller, aje kukaa benchi ili mshambuliaji wa ziada aingie. Hata kipa, mtu pekee asiye na zamu, ana dakika yake ya kupisha.

Muda wa nyongeza ulichezwa wanne kwa wanne, atakayefunga kwanza ndiye bingwa. Ilipofika dakika ya nane, Sidney Crosby alifunga. Picha ya bao hilo Kanada nzima inaifahamu: Crosby akitupa gongo na glavu, mdomo wazi. Lakini irudishe nyuma sekunde tatu na umwache Crosby. Tazama ukutani. Jarome Iginla amekipata kisahani, beki wa Marekani amemlalia mgongoni. Crosby anamwita kwa jina lake la utani, kwa sauti iliyonaswa na vinasa sauti, na Iginla anakisukuma kisahani huku akianguka. Pasi inatoka, mtu anafika chini. Crosby anapiga bila kutuliza, kisahani kinapita katikati ya miguu ya Miller. Iginla amelala juu ya barafu.

Anayetafuta kisahani ataliona bao la Crosby. Aliyejifunza kutazama zamu anaona mabao mawili kwa wakati mmoja, na lile la pili, la mtu anayeanguka, ndilo linalokaa zaidi moyoni. Hesabu za hoki nazo zinakubali: kila bao huandikwa jina la mfungaji pamoja na majina ya waliotoa pasi, hadi wawili, na kwenye takwimu pasi ina pointi moja sawasawa na bao.

Iginla ananirudisha kwenye swali zito zaidi: zamu hupewa nani? Baba yake alitoka Nigeria, na yeye alikulia Alberta akimtazama Grant Fuhr, kipa Mweusi wa Edmonton Oilers aliyetwaa Kombe la Stanley, taji la NHL, mara tano kati ya 1984 na 1990. Kwa mtoto yule, kumwona Fuhr golini kulitosha kuwajibu waliomwambia kwamba mchezo huu si wa watu kama yeye. Lakini kabla ya Fuhr foleni ilikuwa ndefu. Mwaka 1895, miaka zaidi ya 20 kabla NHL haijaundwa, Weusi wa Halifax, Nova Scotia, walianzisha ligi yao wenyewe kupitia makanisa ya Kibaptisti, na wanaoichunguza historia yake wanasema makipa wake walikuwa wakijitupa barafuni kuzuia mashuti wakati makipa wengine wakisimama wima. Mtu Mweusi wa kwanza kucheza NHL, Willie O'Ree, aliingia barafuni tarehe 18 Januari 1958 akiwa na Boston Bruins, mjini Montreal. Jicho lake la kulia lilikuwa karibu halioni kabisa baada ya kugongwa na kisahani, na aliificha siri hiyo ili asizuiwe kucheza. Alicheza mechi 45 tu katika ligi hiyo, za mwisho mwaka 1961. Wa pili, Mike Marson, hakutokea hadi 1974. Mchezo unaojisifu kwa kupokezana ulimpa mmoja nafasi, kisha ukakaa miaka kumi na mitatu bila kumwita mwingine. Boston walistaafisha jezi namba 22 ya O'Ree mwaka 2022, naye akiwa na miaka 86.

Huku kwetu, Mkenya akisikia hoki hufikiria nyasi, City Park, na kikosi cha Kenya kilichoshika nafasi ya nne Kombe la Dunia la 1971. Barafu ilikuja Nairobi mwaka 2005, kilipofunguliwa ndani ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, kiwanja kidogo kuliko vile vya ligi. Hapo ndipo walipozaliwa Ice Lions, Simba wa Barafu wa Kenya. Kwa miaka mingi shida yao kubwa ilikuwa kukosa wapinzani: hapakuwa na timu nyingine karibu, wakawa wanajigawa na kucheza wao kwa wao. Mwaka 2018 walipelekwa Toronto, wakavaa vifaa kamili, wakacheza mechi dhidi ya timu nyingine, na Crosby yuleyule wa Vancouver akavaa jezi na kucheza upande wao pamoja na Nathan MacKinnon. Mwaka 2024 Kenya ikakubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Sisemi kwamba ndiyo sababu Mswahili aitazame hoki. Mchezo mzuri hauhitaji cheti cha ukaazi. Nasema tu kwamba benchi ni refu kuliko tulivyodhani.

Kuna upande ambao sitaupaka rangi. Hoki ya NHL inavumilia ngumi. Wawili wakivua glavu na kupigana, marefa husubiri mpaka mmoja aanguke, kisha wote huenda kukaa kwenye kibanda cha adhabu dakika tano na kurudi. Kwa miongo kadhaa timu ziliajiri watu ambao kazi yao hasa ilikuwa hiyo. Derek Boogaard alikuwa mmoja wao. Alifariki mwaka 2011 akiwa na miaka 28, na uchunguzi wa ubongo wake ulikuta ugonjwa unaotokana na kugongwa kichwa tena na tena. Mapigano yamepungua sana tukilinganisha na miaka ya 1980, na mchezo haujapoteza chochote kwa kupungua kwake. Wapo wanaosema bila ngumi hoki si hoki. Nawaambia watazame mtoano, miezi ya Aprili hadi Juni, wakati makocha hawathubutu kumpoteza mtu kwa dakika tano za upumbavu na ngumi huwa adimu. Ndiyo hoki nzuri kuliko zote.

Mtoano huo una ukali wake wa haki. Kila hatua inachezwa hadi timu moja ishinde mechi nne, na bingwa lazima apite hatua nne: ushindi 16, karibu miezi miwili. Mechi ikiisha sare hakuna mikwaju. Wanaongeza kipindi cha dakika 20, kisha kingine, hadi mtu afunge. Mwaka 1936 Detroit na Montreal Maroons walifika kipindi cha sita cha nyongeza kabla ya bao la kwanza na la pekee, lililofungwa usiku wa manane na Mud Bruneteau, kijana aliyekuwa bado hajajulikana. Na si ajabu kwamba alikuwa yeye. Usiku ukienda hivyo, safu ya kwanza imeshakwisha. Anayebaki na miguu ni yule ambaye kocha hakumtumia sana. Mtoano umejaa mabao ya namna hiyo, ya watu ambao msimu mzima hakuna aliyenunua jezi zao. Na hatua inapokwisha, waliogongana kwa wiki mbili hupanga mistari miwili na kupeana mikono mmoja mmoja, wengine nyuso zikiwa bado na nyuzi za kushonwa.

Kisha linaletwa kombe. Lord Stanley, Gavana Mkuu wa Kanada, alilitoa mwaka 1892. Leo lina urefu wa karibu sentimita 90 na uzito wa kilo zaidi ya 15. Kwa desturi nahodha hulipokea kutoka kwa kamishna wa ligi, hulinyanyua, huzunguka nalo, kisha humkabidhi mwenzake, na huyo mwingine, hadi kila aliyecheza amelibeba. Jukwaa husubiri kuona nani atapewa wa pili, maana hapo ndipo timu inapofichua inamheshimu nani. Mwaka 2001 Joe Sakic wa Colorado alilipokea akiwa nahodha, na hakulinyanyua kabisa. Alimgeukia Ray Bourque, beki aliyecheza misimu 22, karibu yote Boston, bila kulipata hata mara moja, akamwekea mikononi. Bourque alilinyanyua, na hakucheza tena mechi nyingine ya ligi hiyo.

Majina ya mabingwa huchongwa kwenye mikanda ya fedha inayozunguka mwili wa kombe, mikanda mitano, kila mmoja unatosha mabingwa 13. Ikijaa yote, mkanda wa juu, wenye majina ya zamani kuliko mengine, huvuliwa na kupelekwa kwenye jumba la kumbukumbu Toronto. Iliyobaki hupandishwa, na mkanda mtupu huwekwa chini. Ilifanyika hivyo mwaka 2018, na miongoni mwa walioondoka safari hiyo walikuwemo Maurice Richard na Gordie Howe, wafalme wa zama zao. Kwenye kombe linalobebwa leo hawamo. Sisi husema aliye juu mngoje chini, kwa maneno ya kijicho kidogo. Kombe hili limeliweka jambo hilo kwenye kanuni, tena bila kijicho: jina linaanza chini, linapanda kadiri wengine wanavyoshinda, na likifika juu kabisa linapisha. Kwenye mkanda wa juu wa sasa yumo Bobby Orr, beki ambaye wazee wengi wa mchezo huo hawamlinganishi na mtu, na tarehe yake ya kuondoka inajulikana tangu sasa.

Ushabiki mwingi hutuzoesha kudai kwamba wetu asitoke: asizeeke, asiuzwe, asikae benchi. Tunalia nyota akistaafu kana kwamba tumedhulumiwa. Hoki imenipunguzia ugonjwa huo. Imeniambia mapema, tena kila baada ya dakika moja, kwamba aliye bora atatoka, kwamba kutoka kwake ni sehemu ya ubora wake, na kwamba kazi ya mtazamaji ni kumjua pia yule anayeruka ukuta kuingia.